Mtoto wa mbwa anaharisha damu, punda anaharisha kijani: dawa moja itatosha?

Swali: "Shikamoo daktari. Niko Nkuhungu hapa Dodoma. Nina mtoto wa mbwa wa miezi mitatu, nilimnunua kwa jirani. Tangu juzi anatapika na kuharisha, na leo kinyesi kina damu na kinanuka vibaya sana. Chanjo alishapata mwezi uliopita kwenye ile kampeni ya mtaani. Nimempa maziwa apate nguvu, na nusu kidonge cha Flagyl. Halafu babu yangu yuko Mvumi. Punda wake jike, ana mimba, anaharisha kijani tangu mvua zianze, na tangu jana hali chakula vizuri. Babu amemwongezea pumba asije akadhoofika. Naomba unitajie dawa ya kukaza tumbo niwape wote wawili, maana Jumamosi naenda Mvumi."

Jibu: Marahaba mwanangu. Nianze na la haraka. Huyo mtoto wa mbwa apelekwe kwa daktari wa mifugo leo, hata kama jua linazama, hata kama bado anatikisa mkia. Na babu mpigie simu leo hii, usingoje Jumamosi: amwondolee punda pumba, amwekee nyasi na maji, amtafute afisa mifugo wa kata. Ukishamaliza hayo mawili ndipo urudi usome yaliyobaki.

Dawa ya kukaza tumbo kwa wote wawili sina, na ningekuwa nayo nisingekupa. Kuharisha ni ishara tu, kama homa. Ndani ya siku moja tumbo la mnyama humiminiwa maji mengi kuliko anayokunywa: mate, nyongo, majimaji ya tumboni na ya kongosho. Yote hayo hutakiwa kufyonzwa na kurudi kwenye damu kabla choo hakijatoka. Ukuta wa utumbo ukijeruhiwa, maji hayarudi. Yanatoka nyuma pamoja na chumvi za mwili. Mara nyingi hicho ndicho kinachomuua mnyama, hata kuliko mdudu aliyeanzisha shughuli. Ukimpa dawa ya kuziba, sumu inabaki ndani na wewe unapata faraja ya kuona uwanja mkavu. Kwa hiyo mtu akinipigia, siulizi kwanza amempa dawa gani. Nauliza: fizi zimelowa au zimekauka?

Mfungue mdomo umguse fizi kwa kidole. Zinatakiwa ziteleze kama ndani ya mdomo wako mwenyewe. Bonyeza mpaka pawe peupe, kisha achia; rangi irudi kabla hujamaliza kuhesabu mbili. Mbwa wenye fizi nyeusi watakudanganya, hao vuta kope la chini uangalie ndani yake. Kisha vuta ngozi ya katikati ya mabega: ikirudi polepole, au ikibaki imesimama kama hema, maji yameshapungua sana. Fanya hesabu hii uone kwa nini nakuharakisha. Mtoto wa mbwa wa kilo 4 akipoteza maji ya uzito wa sehemu ya kumi ya mwili wake, hiyo ni mililita 400 tu, haijazi hata ile chupa ndogo ya maji ya nusu lita. Akifika hapo yuko hatarini, na kwa kutapika na kuharisha anaweza kufika hapo kati ya asubuhi na jioni.

Umri wa miezi mitatu, kutapika, damu, na ile harufu: vikikutana vinne hivi, mtu wa kwanza kumshuku ni parvo. Kirusi hiki kilitambuliwa kwa mbwa mwaka 1978 na ndani ya miaka michache kilikuwa kimezunguka dunia. Kikiingia hukaa kimya takribani siku 3 hadi 7 kabla dalili hazijaonekana. Hupenda seli zinazozaliwa upesi, na mwilini mwa mtoto wa mbwa seli za namna hiyo ziko hasa kwenye ukuta wa utumbo na kwenye uboho wa mifupa, zinakotengenezwa chembe nyeupe za damu. Yaani adui anabomoa ukuta na wakati huohuo anawaua askari. Bakteria waliokuwa wakiishi tumboni kwa amani wanapita kwenye ukuta uliobomoka na kuingia kwenye damu. Ndiyo maana daktari atamchoma sindano ya antibayotiki ingawa antibayotiki haiui kirusi: anawazuia hao wanaopitia tundu.

Sasa chanjo. Hapa sikulaumu, kosa hili nalikuta nyumba kwa nyumba. Kampeni ya mtaani ni ya kichaa cha mbwa. Ni chanjo ya lazima, mrudishe kila mwaka, lakini haimkingi na parvo hata kidogo. Ya parvo iko ndani ya chanjo ya mchanganyiko, ambayo unainunua mwenyewe kwa daktari. Huanza wiki ya 6 hadi ya 8, hurudiwa kila baada ya wiki 3 au 4 mpaka mtoto afikishe wiki 16, kisha hurudiwa tena mwaka unaofuata. Watu wengi hudhani kurudiarudia huko ni biashara ya madaktari. Sababu ni kwamba mtoto huzaliwa akanyonya kinga ya mama yake, na kinga hiyo ikiwa bado na nguvu huimeza chanjo kabla haijafanya kazi. Hatujui kwa kila mtoto itaisha wiki ya ngapi, basi tunapiga hodi mara kadhaa mpaka tukute mlango wazi.

Maziwa acha. Mbwa aliyekwisha kuachishwa ziwa hana uwezo mkubwa wa kuyeyusha sukari ya maziwa ya ng'ombe, na utumbo uliojeruhiwa hauna kabisa. Sukari hiyo huvuta maji mengine zaidi kuyaingiza kwenye choo. Flagyl nayo usirudie. Ni dawa nzuri kwa giadia, kijidudu cha utumboni, na bakteria wa aina fulani, kwa parvo haigusi kitu, ni chungu kiasi cha kumtapisha mbwa mzima, na ikizidi kipimo huathiri mishipa ya fahamu mpaka mbwa akawa anayumba kama mlevi. Na kwa kuwa tumefika kwenye kabati la dawa za watu: diklofenaki na ibuprofeni humtoboa mbwa tumbo na kumharibu figo, na paracetamol humuua paka, hata kidonge kimoja kinatosha.

Ukiwa unasubiri usafiri, angalia kama amekaa saa mbili bila kutapika. Kama ndiyo, koroga pakiti ya ORS ya watu katika lita 1 ya maji yaliyochemshwa yakapoa, mpe kijiko cha chai kila dakika kumi. Usimwinue kichwa ukamimina, yataingia mapafuni. Akitapika, acha, sasa ni dripu tu. Mbebe ndani ya boksi, na ukifika kwa daktari usimweke chini sakafuni, waombe wakuelekeze mahali. Wenye watoto wengine wa mbwa waliokuja kuchanja watakushukuru.

Daktari atakuuliza maswali yanayoonekana ya aibu: choo kingi au kidogo, mara ngapi, anajikamua, kuna ute, damu nyekundu au nyeusi kama lami. Jibu kwa makini. Choo kingi cha majimaji mara chache kwa siku kinaelekeza kwenye utumbo mwembamba. Kidogokidogo mara nyingi, chenye ute na damu mbichi, mbwa akijikamua, kinaelekeza kwenye utumbo mpana. Nyeusi ni damu iliyotoka mbali, ikameng'enywa njiani. Akipima parvo kwa kipimo cha haraka na isionekane, atatafuta minyoo ya safura, ambayo mtoto huipata hata kwa kunyonya, na ambayo hunyonya damu mpaka fizi zinakuwa nyeupe kama karatasi. Watu huanza dawa ya minyoo mbwa akishakuwa mkubwa, ilhali inatakiwa ianze wiki ya 2, irudiwe kila wiki 2 mpaka wiki ya 8, halafu kila mwezi hadi miezi sita. Mama yake naye apewe.

Usimshindishe njaa kwa siku mbili ili tumbo lipumzike. Kwa mbwa mkubwa mwenye afya, kukosa mlo mmoja hakudhuru; mtoto hana akiba ya sukari mwilini, anaweza kuzimia kwa njaa yenyewe. Kutapika kukishadhibitiwa, mpe wali laini na kuku wa kuchemsha asiye na ngozi, bila chumvi, mafuta wala kitunguu, vijiko viwili vitatu mara tano kwa siku, na umrudishe kwenye chakula chake taratibu kwa siku nne tano.

Na chakula chake ni nini? Hukuniambia, nami nalazimika kuuliza kwa sababu tuko Dodoma. Mwaka 2016 watu walikufa hapa kwetu na Manyara kwa sumukuvu, ile sumu ya ukungu kwenye mahindi. Tangu hapo wengi wamejifunza kuchambua mahindi yaliyoota ukungu. Vizuri. Lakini yale mabaya yaliyochambuliwa yanakwenda wapi? Yanasagwa, anapikiwa mbwa. Sasa mbwa ni miongoni mwa wanyama wanaodhurika upesi sana na sumu hiyo: anakataa chakula, anatapika, fizi na weupe wa macho vinakuwa vya njano, anatoa choo cheusi au cha damu, na ini likishakufa hakuna dripu itakayolirudisha. Kuchemsha hakuondoi sumu. Karanga mbovu na mashudu yaliyovunda ni vilevile. Kama mbwa wote wa nyumba moja, wakubwa kwa wadogo, wanaanza kuumwa wiki moja baada ya kufungua gunia jipya, mimi naliangalia gunia kabla ya mbwa. Kisichofaa kuliwa na mtu kwa sababu ya ukungu, mbwa naye asipewe.

Uwanja wako. Zoa kinyesi chote kwanza, kwa sababu dawa haifanyi kazi juu ya uchafu. Kisha osha sakafu, vyombo na viatu kwa jiki: sehemu 1 ya jiki kwa sehemu 20 za maji, iache ilowe dakika kumi. Dettol na sabuni peke yake havitoshi kukiua kirusi hiki. Penye udongo huwezi kupasafisha. Jua letu linasaidia, lakini kirusi hukaa ardhini miezi mingi, hata mwaka. Litakalotokea likitokea, usilete mtoto mwingine wa mbwa asiyemaliza chanjo kwenye uwanja huo kabla ya mwaka kupita. Parvo ya mbwa haimpati binadamu. Minyoo inampata, kwa hiyo watoto wasicheze peku pale na mikono ioshwe.

Twende Mvumi.

Tumbo la punda ni habari nyingine kabisa. Hawezi kutapika, kwa hiyo kila alichomeza kitapita njia moja tu. Na nyuma ya utumbo mwembamba ana utumbo mpana mkubwa ajabu ambamo vijidudu vinachachusha nyasi na kumtolea nguvu. Fikiria mtungi wa pombe ya mtama. Mpishi mzuri haubadilishii kimea ghafla, akifanya hivyo inamwagika au inakufa. Punda wa babu alitafuna mabua na nyasi kavu tangu Mei, halafu Desemba mvua ikashuka na majani machanga yakaota kwa wiki moja. Vijidudu vya mabua havijui kuyashughulikia. Choo kinalainika, kinakuwa cha kijani kama cha ng'ombe. Kama ingekuwa hivyo tu, punda anakula, masikio yamesimama, ningemwambia babu ampe nyasi kavu asubuhi kabla hajamfungulia, na amwache siku tatu nne mtungi uzoee.

Babu akaongeza pumba. Kwa nia njema kabisa, lakini ndiyo makosa yaleyale ya mpishi. Wanga ukizidi hupita bila kumeng'enywa mpaka kwenye mtungi, unageuka tindikali, vijidudu vyema vinakufa na sumu zao zinaingia kwenye damu. Dalili nyingine huonekana mbali na tumbo: kwato zinakuwa za moto, punda anaegemea miguu ya nyuma, hataki kutembea. Babu azishike kwato za mbele leo jioni aniambie. Chakula cha kuku pia asijaribu kamwe, maana vingine huwekwa dawa iitwayo monensini, ya kuzuia kokidia, vimelea vya utumbo wa kuku. Kuku anaistahimili, punda na farasi moyo wao unasimama.

Ila kilichonitisha kwenye barua yako ni maneno matatu: "tangu jana hali". Punda akiacha kula, mwili wake hufungulia akiba ya mafuta, na kwa punda mfereji huo ukifunguka haufungiki kirahisi. Damu inajaa mafuta, ini na figo vinazidiwa, na ndani ya siku chache anakufa kwa mafuta yake mwenyewe wakati watu bado wanabishana kuhusu kuharisha. Walio hatarini zaidi ni wanene na wenye mimba. Wa babu ana mimba.

Na punda hasemi. Miaka yangu ya mwanzo kazini niliitwa kumwona punda mmoja aliyekuwa akiharisha. Nikamkuta kwenye chombo chake, kichwa ndani, mdomo unatembea. Nikamwambia mwenyewe, mzee, huyu anakula, atapona. Asubuhi alikuwa amelala hainuki. Nilipoangalia chombo, nyasi zilikuwa zilezile, hazijapungua hata konzi moja. Alikuwa anaigiza. Punda hufanya hivyo, kwa sababu porini mnyonge anayeonekana mnyonge huliwa. Tangu siku hiyo siangalii mdomo, napima nyasi. Babu aweke fungu linalojulikana, arudi baada ya saa tatu alitazame. Kama halijapungua, amjaribu kwa chochote chenye nyuzi: nyasi mbichi za kukata kwa mkono, majani ya miti aliyozoea kuchuma. Hapo sijali tena kijani au kavu, tumbo tupu ni baya zaidi. Na asimtenge na punda mwenzake ili "apumzike". Punda aliyetengwa na rafiki yake hususa chakula.

Amwekee ndoo mbili, moja ya maji matupu, nyingine ya lita 10 iliyotiwa vijiko viwili vikubwa vya chumvi, achague mwenyewe. Akiwa na kipimajoto, kipitishwe nyuma taratibu: punda mzima huwa na kama nyuzi 37, pungufu kidogo ya farasi, kwa hiyo 38.5 ambayo kwa farasi ungeivumilia, kwa punda ni homa. Asichomwe diklofenaki wala sindano nyingine ya maumivu kwa makisio, kwa sababu utumbo mpana uliokauka maji huchubuka kwa dawa hizo. Na ile OTC, yaani antibayotiki ya oksitetrasaiklini inayochomwa kwa kila kitu mnadani, hapana. Kwa jamii ya farasi na punda antibayotiki isiyo na sababu inaweza kuua vijidudu vya mtungi na kuleta kuharisha kubaya kuliko kwa mwanzo. Dawa ya minyoo itahitajika pengine, lakini kinyesi kipimwe kwanza. Kiwe kibichi, kwenye kopo safi lenye mfuniko, kifike maabara siku hiyohiyo. TVLA, wakala wa serikali wa maabara za mifugo, wana kituo hapa Dodoma.

Kuna sababu moja zaidi ambayo kwa udongo wetu huwa siiachi. Punda anayelishwa chini humeza mchanga pamoja na mabaki ya nafaka, kidogokidogo mpaka unatua utumboni kama mashapo kwenye pipa. Unakwaruza, anaharisha mara kwa mara bila homa, anakonda. Kuupima hakuhitaji maabara. Chukua mavi kutoka katikati ya fungu, yasiyogusa ardhi, ujazo wa konzi mbili tatu, tia kwenye mfuko unaopitisha mwanga au chupa kubwa, jaza maji, tikisa, ning'iniza robo saa. Mchanga utazama. Ukiona umejaa kijiko au zaidi, chakula kihamie kwenye beseni au juu ya turubai, na daktari aambiwe.

Jambo moja la kumwonya babu, ingawa silitarajii: mnyama akifa ghafla na damu isiyoganda ikatoka puani au nyuma, asichunwe wala asipasuliwe, na mbwa wasimsogelee. Hicho huenda ni kimeta. Afunikwe, ofisi ya mifugo ijulishwe.

Jumamosi basi, kabla hujapanda gari la Mvumi, viatu ulivyokanyagia uwanja wako viache nyumbani, au vilowe kwenye yale maji ya jiki kwanza. Kwa babu naamini kuna mbwa, na kirusi hiki husafiri vizuri sana kwenye soli. Beba kipimajoto, ule mfuko wa kupimia mchanga, na pakiti mbili tatu za ORS kama za akiba. Dawa ya kukaza tumbo usinunue.